Mume Wangu Anauza Boti kwa Ajili ya Sauti Iliyomo Kabatini Mwangu

Shangazi Glenys, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mtu anakuja kuchukua boti.

Mume wangu Garth alipostaafu kiwanda cha maziwa aliingia bandani na hajatoka tena, kila wiki ya taka kubwa watu wakitoa makochi na friji mbovu barabarani yeye anazunguka na trela kuokota kompyuta zao, na mwaka huu akasema anatutengenezea seva ya nyumbani, diski nane, picha na mafaili yote ya ukoo yakae humo, nami kwa kuwa simwamini hata na kibaniko cha mkate nikaenda mjini Bendigo kimyakimya nikanunua kisanduku kidogo cha diski mbili, binti wa dukani akanielekeza, nikanakili kila kitu kutoka kwenye laptopu, nikakificha kwenye kabati la mashuka chini ya mablanketi, na kinawaka humo mpaka leo. Cha thamani kuliko vyote ni sauti ya mama yangu, Dulcie, niliyoirekodi jikoni majira ya baridi kabla hajafa, akisimulia na kusengenya majirani, na karibu nusu nzima ni kumsema Garth.

Basi Garth naye akahamishia mafaili kwenye seva yake, akaifuta laptopu akampa mjukuu, halafu ikaja fainali kuu ya mpira, rafiki zake wakajaa bandani na friji ya pili ya bia, soketi hakuna, nikamsikia Macca akiuliza, "Oya Garth, hili dude linalovuma la nini?" na kabla hajajibiwa mwenzake akadakia, "Chomoa bwana, bia zinapata joto!" Wakachomoa. Halikuwaka tena, na kumbe mume wangu alikuwa ameziunganisha diski zote nane ziwe kama moja kubwa, eti nafasi isipotee, kwa hiyo moja ilipokufa mali yote ikaenda nayo.

Kesho yake akaja jikoni macho mekundu, akaniambia, "Mke wangu, nimempoteza mama yako." Shangazi, nilitaka kumwambia palepale, naapa, lakini akaniletea chai kitandani, nikasema nitamwambia kesho, kesho akaoka mguu wa kondoo, keshokutwa akasugua bafu, mwanamume ambaye tangu tuoane hajui sponji inakaa wapi, na mimi nikanyamaza na kunywa chai yangu. Sasa amepata mafundi Melbourne wanaofukua diski zilizokufa, bei yao si ya mchezo, na ili awalipe anauza boti ya bati aliyoachiwa na baba yake, aliyojifunzia kuvua mto Murray. Jana nilimwona anaipapasa kama mtu anayeaga mbwa wake.

Nimwambie? Na je, kisanduku changu kinatosha, au ninunue kikubwa zaidi kwa kuwa sasa mlinzi ni mimi?

Mwenye Kabati, Echuca

Shangazi Glenys anajibu: Mwenye Kabati, shoga yangu, nimecheka mpaka chai imenitoka puani, kisha nikakasirika. Mwanamume analia bandani kwa ajili ya sauti ya mkwe aliyekuwa akimtukana, na wewe umejilaza unangoja kikombe! Ningepata mume wa kusugua bafu hata mimi ningechelewa kusema ukweli, siku mbili hivi. Lakini si mpaka mtu auze boti ya marehemu baba yake.

Garth hafai kupewa seva, hilo tumekubaliana. Diski ya barabarani haikutupwa bila sababu. Ila usimcheke sana, maana yeye alikuwa na nakala moja na wewe leo unayo moja. Laptopu imefutwa, seva imekufa, kilichobaki ni kisanduku kinachohema chini ya mablanketi, nacho ni mtambo unaotaka hewa. Mlinzi gani huyo? Umemzika Dulcie mara ya pili.

Kikubwa cha nini? Mtu wa picha na sauti za mama anatosheka na diski mbili, mpya, za aina inayovumilia kuwaka mchana kutwa, zenye nafasi mara mbili ya mafaili uliyonayo leo. Kizuri ni kile unachoweza kukifungua mwenyewe bila kumwita mtu. Kitoe kabatini, kiweke rafuni karibu na rauta ya intaneti, na bandika karatasi: HAKICHOMOLEWI. Kama Macca hajui kusoma, mwonyeshe mwiko.

Tena usidanganyike na hizo mbili. Moja ikifa, nyingine inakuokoa. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili, na moto wa nyika wa kiangazi ukifika hapo Echuca hautauliza kuna diski ngapi. Nunua diski moja ya nje, nakili yote, kampe ndugu anayekaa mji mwingine, na kila ukienda kumsalimu mpe nyingine yenye nakala mpya, urudi na ile ya zamani.

Sasa nikwambie kinachonitia hofu. Katika barua yako yote ndefu sijaona mahali uliposema umewahi kufungua faili hata moja kutoka kwenye hicho kisanduku ukamsikia mama yako. Ulinakili, ukafunika blanketi, ukaagiza chai.

Weka gazeti chini, nenda kafungue. Mama akisema, mwite Garth kutoka bandani, mkalishe, asikie anavyotukanwa, na kabla hajamaliza kulia mwambie ukweli wote, hata wa kondoo. Atanuna. Mwache anune, boti yake ni yake, na vyombo vya kuosha mwezi huu ni vyako.

Ukikuta kimya, nenda wewe bandani, ukae naye chini mlie wote wawili, na Jumamosi mtu akija, msaidie Garth kuifunga boti kwenye trela.