Pawa Saplai Isiyovuma na Ubeti wa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Mariamu,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana nimezungukwa na washauri na kila mmoja ananivutia kwake. Naitwa Irene, naishi Bigwa hapa Morogoro na mume wangu Elia, na tangu bidhaa zianze kumiminika nchini na sisi tumejipatia kompyuta ndogo ya mtumba, tumeiunganisha na televisheni tuangalie sidii za video sebuleni, na kwa kweli inaonyesha vizuri, tatizo ni pawa saplai yake, yaani lile boksi la nyuma linaloingiza umeme, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga.

Sasa mama mkwe wangu, Mama Josephina, mkulima wa mboga, ameshuka kutoka milimani na sidii ya kwaya ya kigango chao, waliyorekodi siku ya jubilei, na humo ubeti wa pili anauimba peke yake kwa sauti ya chini, na alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa jumuiya yetu, basi wakaja, tukaweka, ubeti wa pili ulipofika ikasikika feni tu, na jirani yetu Modesta akauliza mbele ya watu, "Mbona Mama anafumbua mdomo tu? Anayeimba ni nani?" Wakacheka. Walipoondoka Mama akaniambia, "Irene, mwanangu, mimi nitarudi zangu nyumbani. Wameniona mwongo." Iliniuma mno.

Nikatafuta mjini mpaka nikapata pawa saplai ndogo isiyo na feni kabisa, adapta yake inakaa nje kama ya laptopu, Fundi Salehe akaifunga huku ananicheka, na Shangazi, ilipowaka nyumba ikawa kimya hata saa ya ukutani nikaisikia, nikajiona mshindi. Mama akafurahi, akaivalisha kompyuta kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, kizito, kinafunika mpaka nyuma, akasema, "Kitu cha thamani hakikai uchi mbele ya wageni," nasi tukaisukuma ndani kabisa ya kabati la vyombo ipendeze. Hatukufika hata katikati ya sidii, ikazimika, nikabonyeza, wapi, haikuwaka. Salehe akaja, akabonyeza, akasema kidogo ni kidogo tu, imekufa hiyo, akarudisha ile ya zamani. Sasa yeye anataka ninunue kubwa ya wati mia tano, eti ndiyo ya kiume, Elia anataka spika kubwa zishindane na feni, jumuiya inasali kwetu Jumapili hii, na Mama ameshafunga mzigo. Ninunue ipi, Shangazi?

Irene, Bigwa

Irene mwanangu, marahaba. Usinunue kitu. Barua yako ilipofika nilipiga ile namba uliyoiandika, maana Jumapili haimsubiri mhariri, na niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wenye sebule kama yako, nao ni wengi.

Ulichagua sawasawa, na nimefurahi mwanamke umewashinda mafundi. Kompyuta yako haina makuu, inacheza sidii basi, na umeme inaokula ni mdogo. Wati mia tano kwa kazi hiyo ni kupika chai ya watu wawili kwenye sufuria la msibani. Wala ukubwa hauondoi kelele, maana kelele ni ya feni, na kubwa nayo ina feni yake. Elia naye mwambie anayeimba kwa upole hasaidiwi kwa kupigiwa makelele.

Kosa lako liko kwingine, na kwa hilo nakusema. Kitu kisicho na feni hupoa kwa hewa inayokizunguka. Nyie mmekivika sweta, mkakifungia kabatini, halafu mnashangaa kimezimia. Tumezoea kuvalisha vitambaa redio, televisheni na jokofu, na vyote vimetuvumilia miaka mingi. Hiki hakikuvumilia. Nilimsomea barua yako Abasi, fundi wa kompyuta za ofisini kwetu, akasema pawa saplai nyingi za namna hiyo hujizima zenyewe zikipata joto, na haziwaki tena mpaka zipoe. Salehe aliibonyeza ingali ya moto, akaitangazia msiba. Mwambie aifunge tena, na kompyuta ikae mezani, nje ya kabati.

Najua utakaponywea ni kwenye kitambaa. Usikivue wewe. Mwite Mama, aweke kiganja chake juu ya kompyuta iliyovikwa, asikie joto mwenyewe, kisha yeye aamue kitambaa kikae wapi. Mkulima wa mboga hafundishwi kwamba kilichofunikwa mno huungua.

Na ninyi wengine mnaotaka kununua, ulizeni kwanza mashine inakula wati ngapi, mchukue inayozidi kidogo, mhakikishe plagi zake zinaingia, na mweke stabilaiza, maana umeme wetu tunaujua. Mkishaifunga, iacheni ipumue pande zote.

Sasa simu yako ya Jumatatu, Irene, ambayo naiandika kwa ruhusa yako. Iliwaka. Mama alikivua kitambaa mwenyewe, akakitandika mezani chini ya televisheni. Jumuiya ilijaa hadi barazani, ubeti wa pili ukafika, na hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha, Modesta ndiye aliyesema, "Rudisheni nyuma, tumsikie tena Mama." Wamemrudisha na kumrudisha, na mzigo umefunguliwa.

Umeniambia kwaya ya hapo Bigwa imemwomba awafundishe wimbo huo, na anasita, eti kanga zake si za kutokea mbele ya watu. Usimwache asite. Mpigie pasi kanga iliyo nzuri, umpeleke mwenyewe mazoezini, ukae mstari wa mbele, na akianza kuimba, wewe ndiwe uwe wa kwanza kunyamaza.

Shangazi Mariamu