Mkono Wenye Kiberiti

Njinjo, 9 Agosti 1974

Shangazi Mwanahawa, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu: nyumba ya Bibi kule Likawage haikuchomwa na mgambo waliokuja kutuhamisha. Aliichoma Baba. Nilimwona.

Sisi wazima, mikorosho imeanza kutoa maua. Mwalimu Sipriani wa Kiingereza ametupa shindano la kuandika hadithi ya kuhamia kijiji kipya. Anasema ukibadili mwanzo, hadithi nzima hubadilika. Nikaanza na lori na nyimbo. Moto ukaja baadaye kama bahati mbaya. Baba akasoma, akacheka: "Hapo umepatia, mama!" Yeye ndiye balozi wa nyumba kumi, na aliona aibu mama yake mzazi kuwa wa mwisho kuhama.

Nikaandika upya, nikaanza na mkono wa Baba wenye kiberiti. Hadithi ikakaa sawasawa, Shangazi. Bibi bado anawalaani mgambo kila akimaliza kuswali, na Baba anaitikia amina.

Nasikia makubazi ya Baba ukumbini. Hadithi ile ya pili nilikuwa nimeificha chini ya mkeka. Nimeitoa. Naiweka mezani, mbele ya mlango.

Mwanao,
Somoe