Picha ya Waliong'oa Vigingi

Ilomba, Mbeya
14 Agosti 1957

Mdogo wangu mpendwa Tusajigwe,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka minne, kuhusu ile picha ya sinema iliyopigwa kijijini kwetu, nami naogopa kufa nalo. Lakini kwanza pokea salamu. Hujambo wewe na watoto huko Ipogolo? Mimi kifua kimenikaba. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili. Gari likisimama nje hugeukia ukutani, nikidhani umeshaambiwa na umekuja.

Unakumbuka Serikali ilipotaka mashamba yetu ya mlimani yawe shamba lake la ngano. Wapimaji walichomeka vigingi, wazee wakaving'oa, na ninyi akina mama mkavipikia maharage. Ndipo akaletwa Bwana Picha na kamera yake. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na Kiingereza nakijua, nikawekwa kuwa mkalimani. Aliniagiza niwaambie wazee kwamba picha itapelekwa kwa wakubwa wakaone kilio chao. Niliwaambia, na siku ile niliamini.

Wazee waliona njia ya kuonyesha haki yao ni ileile ya baba zetu: kila mmoja asimame penye masale yaliyopandwa kwenye kaburi la babu yake, maana penye kaburi ndipo penye mwenyewe. Jirani yenu Saulo, ambaye ni mtu wa kuja na hana kaburi pale, alibaki nyuma ya kamera akitazama. Mumeo, shemeji Eliezeri, alimtania kwamba kama kile chombo kinakula sura, wangekianzishia ya Saulo, ambayo haina cha kuharibika. Saulo akajibu kwamba chombo kingeumwa tumbo, na dawa angenunua Eliezeri. Tulicheka sote. Hakuna aliyewaza kwamba tunamchorea Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, ramani ya watu.

Baada ya wiki tatu askari waliwachukua wanane. Mumeo alihamishiwa Idodi, na homa za joto lile zikammaliza kabla ya mwaka kwisha. Watu walisema msaliti ni Saulo, kwa kuwa, ukiniondoa mimi mkalimani, yeye peke yake hakukamatwa. Nawe ulisema hivyo mlangoni pa kanisa, mimi nikiwa kando yako, nikanyamaza. Mpaka leo Saulo akiita watu wamsaidie kulima, hakuna anayekwenda, na togwa aliyowaandalia inachacha. Juzi aliniletea maziwa. Nilishindwa kuyameza.

Barua hii anakuletea Bwana Muhidini wa duka la nguo, mpe chai. Msalimie Tupokigwe na wadogo zake. Salamu nazimalizia hapa, kwa sababu ukishasoma yanayofuata sijui kama utazitaka.

Saulo hakumtaja mtu. Picha ile haikuwa na sauti. Bwana Shauri aliionyesha bomani, akanikalisha kando ya mashine, akasema kazi yangu na shamba langu vitasalimika nikimpa majina. Kila uso ulipopita nilitaja jina. Mumeo alikuwa ameinama kwa kicheko, kofia imemfunika uso, na Bwana Shauri akampita. Nikaogopa kwamba siku moja angegundua nimemficha shemeji yangu. Hakuna aliyeniuliza, Tusajigwe. Ni mimi niliyeomba picha irudishwe nyuma, nikasema huyu ni Eliezeri.

Kaka yako,
Mika