Koo la Mgono

Lundo, 9 Juni 2024

Kwako dada Gertruda,

Mwanangu Benno ameingiza kichwa sasa hivi ndani ya taa ninayoifuma kwa fito za mianzi, akakwama, akatulia humo ananitazama kwenye matundu kama samaki. Nimemtoa. Zamani ningecheka.

Shikamoo dada. Hamjambo huko Mbinga? Kifua cha shemeji je? Sisi wazima, tunakula, tunalala. Tangu tumzike mume wangu Placidi sisikii uchungu wala nini, nipo tu kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Baba mkwe amesema kwa kuwa sina kazi, mwezi wa nane atakuja kumchukua Benno akakae kwa shangazi yake Kigonsera. Nafuma taa hii kwa ajili ya yule mwalimu Asnath anayefungua nyumba ya wageni hapo Mbinga. Akiipenda akaagiza nyingine, nitakuwa na kazi ya kumwonyesha baba mkwe. Nikiimaliza nampa kondakta wa basi akuletee.

Mdogo wako,
Emiliana

Mbinga, 21 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakohoa lakini shambani anaenda. Nibusie Benno.

Taa imefika. Mwalimu alipoiwasha ukuta mzima ukawa wavu. Akasema za plastiki za dukani zinatoa mwanga tu, hii imepita mikononi mwa mtu. Ila umefuma mgono wa kunasia samaki, Emi, hukufuma taa. Koo umelielekeza ndani. Mkono wa fundi umeme Clemence umeingia na balbu vizuri, kutoka ukagoma, fito zinamchoma. Watu wakasema leo tumevua samaki mbasa mwenye bisibisi.

Mwalimu anataka koo likatwe, halafu umfumie za vyumba vyote, ziwe wazi chini. Nikate?

Dada yako,
Gertruda

Lundo, 2 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Mpe pole shemeji. Huku hatujambo.

Hilo koo sikulifuma mimi. Placidi alianza mgono kabla ugonjwa haujamlaza kitandani, akafuma koo, akaishia hapo. Mimi nimelizungushia mwili tu. Balbu sikuifikiria. Kwetu mgono bila koo si mgono, samaki anatokea alikoingilia.

Nimekaa na barua yako mpaka uji wa mtoto ukaungua. Kata. Kipande usikitupe, wala usinitumie.

Mdogo wako,
Emiliana

Lundo, 18 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia shemeji amepata nafuu. Sisi tupo. Taa za mwalimu zimebaki mbili.

Baba mkwe alikuja jana. Begi la Benno nilishaliweka mlangoni. Akaketi, akaniangalia ninavyofuma, akauliza hii migono isiyo na koo itashika nini. Nikamwambia ni taa, zimeagizwa Mbinga. Akaniona kama nimechanganyikiwa. Nikaning'iniza moja kwenye balbu ya sola. Akautazama ukuta, akainuka kuipapasa taa.

“Huu ni mkono wa Placidi,” akasema.

“Ni wangu, baba. Yeye alinifundisha.”

Akalala hapa hapa. Asubuhi hii amechukua panga, ameenda kwenye mianzi na Benno mabegani, begi wameliacha mlangoni. Sijamuuliza kitu. Nikiuliza naweza kupewa jibu nisilolitaka, kwa hiyo nimekaa nakuandikia, na akirudi nitamwambia kwamba mtoto huyu, baba, mimi

ngoja, baba ananiita kutoka mianzini, anauliza fito za taa nazitaka nyembamba au