Mzee, Wanasema Ni Bushi Zako Zilizovunjika

Mzee Wafula,

Sikuulizi hali. Nimekuja na hasira, na wewe ndiye uliyenizoesha kusema jambo kabla halijaniozea tumboni.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, wazee wa ukoo walikaa uani kugawa vitu vyako. Koti likaenda kwa kaka yako, baiskeli kwa mkweo, na mashine ya kuyeyushia plastiki, pamoja na kibanda chetu cha Huruma, kwa Barasa, mtoto wa kaka yako. Barasa! Mtu aliyekuwa akipita pale kibandani ameziba pua. Mimi niliyefanya kazi nawe miaka sita sikuulizwa hata ufagio uko wapi. Mwanafunzi si ndugu. Sawa, hilo nilimeza.

Lisilomezeka ni hili. Unakumbuka tulivyohangaika na zile bushi, pete za kushikilia mhimili wa mashine za kukatia ng'ombe nyasi? Chupa za soda ni polyesta, kamba kuukuu ni nailoni. Tukiziyeyusha pamoja, zikipoa zinaachana matabaka kama chapati. Ulicheka ukasema, "Hawa ni mawifi, Nekesa. Watapikia jiko moja lakini hawataongea." Halafu ukaleta ile gundi ya epoksi ya chupa mbili, ukatumia ya kwanza tu, ile resini, kidogo sana. Ya kugandisha ukaiweka kando. "Resini inashika huyu mkono, inashika na yule. Ukiiwekea ya kugandisha, hizo mbili zitashikana zenyewe, hawa wasahaulike." Bushi ya kwanza uliigonga nyundo, nyundo ikadunda. Ukanituma chai na mandazi mawili, na yote ukanipa mimi.

Basi Barasa alipozikuta zile chupa za pili zimejipanga kwa rafu, zimejaa, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Mzee alikuwa anasahau nusu ya dawa! Si kila mtu anajua hii gundi haishiki bila zote mbili?" Nilimweleza. Akaniambia nimimine, nisimfundishe kazi ya baba yake mdogo. Nikamimina. Bushi zilitoka na madonge ndani, lakini kwa nje zinang'aa, akazipeleka soko la Ziwa.

Mama Chebet alinunua nne. Wiki haikuisha, moja ikapasuka gurudumu likizunguka, kisu kikahama, kikamkata vidole viwili. Alikuja kibandani na bandeji, machozi yanamtoka. "Wafula nilikuwa namwamini," akasema. Na Barasa, Mzee, nisamehe, Barasa akamtazama machoni akamwambia, "Pole sana Mama. Hizo ni za marehemu. Ni stoki ya zamani."

Za marehemu! Wewe uliyekuwa ukirudisha bushi motoni kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele! Sasa kutoka Ziwa mpaka Moiben wanasema ulikuwa unawauzia takataka, na kaburi lako halijaota hata nyasi.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo mkononi, kimya. Nilifikiria kazi yangu. Namchukia Barasa, lakini nikilala ninagombana na nafsi yangu mwenyewe.

Pumzika, Mzee wangu. Jumamosi ni soko la Ziwa. Barasa ameshaniambia nikifungua mdomo nisikanyage kibandani tena, na sitakanyaga. Nitamtafuta Mama Chebet penye watu wengi, nisimame mbele ya ule mkono wake, nimwambie: bushi iliyokukata hakuimimina Wafula. Niliimimina mimi, nikijua.

Mwanafunzi wako,
Nekesa