Sumu Haikuonekana

Jumatatu, 4 Machi

Unisamehe, shajara, kwa kukutelekeza. Nilipostaafu niliona sina la kuandika. Leo ninalo.

Ufukweni yamezagaa madonge meupe, mfano wa mishumaa iliyoyeyuka. Pamefungwa. Mpwa wangu, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara, amenirudisha kazini: Mjomba, hii inataka macho yako. Nikafurahi — kama mtoto!

Madonge mawili ni nta tupu. La tatu, nilipolikata, lina kiini cha rangi ya waridi, harufu yake ya wodi ya hospitali. Msaidizi wangu, tunayemwita Pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea dawa, kwa wembamba wake, alinusa, akasema: Mzee, hapa humu ndani kuna mgonjwa. Nilimkaripia. Ama "hapa" ama "humu", achague! Lakini pua yake ni nzima.

Mkuu alitaka taarifa jioni hiyo hiyo. Nikaandika: "Sumu haijaonekana. Kiini kinaendelea kupimwa." Nikatia saini.

Jumatano, 6 Machi

Nilikuwa nanyoa ndevu, redio imewashwa. Msomaji akataja jina langu, kisha: "Sumu haikuonekana." Ufukwe wazi! Nikajikata kidevu.

Nilidhani masikio yamechoka. Taarifa ya mchana ikarudia vilevile. Kuhusu kiini — kimya.

Haijaonekana: bado tunatafuta. Haikuonekana: tulitafuta, tukamaliza. Karani angekosea, angeharibu sentensi nzima. Huyu hakukosea. Ni ukanushi safi kabisa wa wakati uliopita. Katika jengo lile anayeijua tofauti hiyo, mbali nami, ni mmoja. Nilimfundisha mwenyewe, mezani kwa dada yangu, angali na kaptura ya shule.

Alhamisi, 7 Machi

Sikupiga hodi mlangoni kwa mkuu. Wala hakukana. Mjomba, alisema, ni silabi moja tu. Wenye hoteli wamenikaba koo, wakubwa wanataka jibu, nawe unawaletea "bado".

Nikamwambia saini ni yangu.

Akatabasamu: Ndiyo maana nilikuita, saini yako haina wa kuiuliza.

Kumbe! Si macho.

Nilirudi mezani kwangu, nikadondoshea kiini kloridi ya chuma. Zambarau, papo hapo. Dalili ya fenoli, nayo huunguza ngozi. Pipeti hakutania. Nilimpelekea mkuu kibakuli chenye rangi ile. Alisema tone moja si ushahidi, tusubiri majibu ya mashine wiki ijayo. Kikemia ni kweli. Na ndilo linaloniuma: hata hilo nilimfundisha mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Dada amekuja kabla sijanywa chai. Mkoba mapajani, hataki hata maji. Kaka, ukienda redioni watamfukuza mwanangu, na ana watoto wadogo. Nikamjibu kwamba kesho ni Jumamosi, watoto wa watu watajaa pale majini, nao wanakaribishwa kwa jina langu. Basi mwambie asahihishe, akasema, wewe hakuogopi? Nimemwomba tangu jana, nikasema. Simu zangu hapokei.

Dada akampigia yeye. Alipokea mara moja! Nilisikia sauti yake ikicheka kwanza, kisha ikishuka. Dada akakata, akanitazama. Hakuniambia alichoambiwa.

Jana niliwapigia redioni, wameniahidi nafasi katika taarifa ya saa sita. Viatu nimevaa. Dada ameuondoa ufunguo mlangoni, ameukumbatia pamoja na mkoba, analia bila sauti. Nikimwomba atanipa, namjua.

Sijamwomba. Nitakaloamua nitaliandika hapa, liwe la heshima au la aibu.