Bwana Kimya wa Shimanzi Ni Nani?

Mpendwa Bi Shukri, salamu nakupa kwa shingo upande, maana salamu ndizo zilizonifikisha hapa, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe ishirini Agosti, la sivyo Jumapili yake sina mke.

Mimi ni Chonga, karani wa kuhesabu magunia katika ghala moja la Shimanzi, nyumbani ni Kibokoni, mimi na mke wangu Sidi, mwaka wa sita huu, na jina langu usilifiche, nataka huyo mtu akisoma ajue kwamba namjua, ingawa bado simjui. Sidi ni mtumaji wa salamu za redio. Tangu mwaka jana anajaza kadi za kusomwa hewani, jina lake huko ni Bi Subira wa Kibokoni, na mimi sikuwa na neno, nilisema heri kadi kuliko kusengenya watu, mpaka nilipoanza kusikiliza sawasawa nikagundua kwamba katika kila kadi jina la kwanza ni lile lile, Bwana Kimya wa Shimanzi, halafu ndipo waje mamake na dadake Mbodze na wengine, na ujumbe anaomwandikia unanichoma, mara "nimekuwekea chakula, usile umesimama," mara "ukirudi leo nipe hata maneno matatu," sasa Bi Shukri, huyo Kimya anarudi wapi, na anakula kwa nani? Na kadi ikisomwa, mke wangu huketi akanitazama usoni, bila haya. Mimi simwambii kitu, mimi si mtu wa maneno, nikitoka kazini nakula nalala.

Shimanzi ndiko nifanyako kazi, kwa hiyo nimemtafuta, nimeuliza madereva wa malori, nimeuliza makuli, nimemfuata bawabu mmoja aitwaye Kingi kwa siku mbili kwa kuwa hasemi na mtu, kumbe maskini anaumwa na jino. Hakuna anayemjua.

Wiki mbili zilizopita nikavaa shati langu la Ijumaa ambalo Sidi alikuwa amelipiga pasi, nikatia mkono mfukoni nikakuta karatasi. Bi Shukri, ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: MKUTANO MKUU WA WAPENZI. Chini yake kwa herufi ndogo, "wa Salamu za Redio, Mombasa, Jumamosi tarehe 20 Agosti," na chini kabisa, "Wageni wetu: Bi Subira wa Kibokoni na Bwana Kimya wa Shimanzi." Nyuma kuna masharti. Kila mpenzi avae jina lake la redioni kifuani. Ni marufuku kumwita mtu jina la kuzaliwa ukumbini. Anayetajwa wa kwanza kwenye kadi atakaa meza moja na aliyemtaja. Sare ni lazima, mume na mke kitambaa kimoja. Atakayeitwa atasimama ajibu salamu kwa kinywa chake. Mke wangu ni mjanja, aliificha katika mfuko wangu akijua mimi sijipekui.

Nikaenda kwa fundi Gunga, Makadara, ambaye ndiye anayeshona hizo sare. Kweli nikakiona kitambaa, buluu yenye maua meupe, gauni la Sidi likiwa tayari na shati la mwanamume limening'inia kando yake. Nikamuuliza, "Fundi, huyu mwanamume ulimpima wewe?" Akaniambia, "Sikumpima mtu mie. Mkeo kaniletea shati kuukuu nitoe mfano. We wataka nini, Chonga, mbona wanitolea macho?" Nikaondoka. Na jambo jingine, shati langu la zamani la kazini limepotea, nashuku amempa huyo bwana.

Rafiki yangu Kenga ananiambia nisiseme kitu, nisimame mlangoni pa ukumbi na rungu, na yeyote atakayeingia na jina la Kimya kifuani nimpe haki yake. Nimeshampelekea habari shemeji yangu Ngumbao aje na gari Jumapili amchukue dadake amrudishe kwao Kaloleni. Sidi hajui. Je, nimvizie mlangoni au niingie ndani?

Chonga, Kibokoni.

JIBU LA BI SHUKRI

Chonga, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili nikiwa nimejishika mbavu, kisha nikaacha kucheka, maana umeshaita gari.

Hebu tuhesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yako. Mwanamume anayefanya kazi Shimanzi. Akirudi nyumbani anakuta chakula cha Sidi. Hasemi. Shati lake linatoshana na shati lako lililopotea. Mwaliko wake umewekwa katika mfuko wako, na kadi yake ikisomwa mkeo anakutazama wewe. Umewahesabu wanaume wote wa Shimanzi, bwana, hata mgonjwa wa jino, ukamsahau mmoja.

Na hilo shati unalolililia hakupewa mtu. Lilikwenda kwa fundi. Mke mwenye hawara akificha barua yake huificha katika pochi, katika unga, chini ya godoro la watoto wa jirani, popote pale, lakini si katika shati la mumewe la Ijumaa alilolipiga pasi kwa mkono wake. Hakuificha. Alikukaribisha, akangoja useme kitu. Wewe ukaenda kumtolea macho fundi Gunga.

Utaniuliza, mbona hakutaja jina langu? Wewe ni mtu wa pwani, Chonga, usiniulize hayo. Tangu lini mwanamke aliyelelewa akalitaja jina la mumewe mbele ya watu, sembuse nchi nzima ikisikiliza? Amekupa jina la redioni kwa heshima yako. Kwamba jina lenyewe ni Kimya, hilo ni shauri lako na lazima likuume. Na neno "wapenzi" lililokutoa roho, wewe mwenyewe ukienda uwanjani huitwa mpenzi wa kandanda, na sijasikia mtu akimfukuza mkewe kwa hilo.

Sitaapa. Simjui Sidi, na mimi pia nimeumbwa na shaka zangu. Kwa mfano, namshuku huyo Kenga. Rafiki anayekushauri usiseme na mkeo bali umngoje mtu na rungu ana lake jambo, au hana kazi. Muulize kama ana mke. Nadhani najua jibu.

Sasa sikiliza. Leo hii mpelekee Ngumbao habari kwamba hakuna safari, na usimweleze sababu, utajiaibisha. Kisha nenda nyumbani umwambie Sidi, kwa sauti, kwamba karatasi umeiona na utakwenda. Kama nimekosea na Kimya ni mwingine, utauona uso wake papo hapo, na hutahitaji rungu kuujua ukweli. Kama nimepatia, usimsimulie kwamba ulimsaka hawara ghalani, hayo atayasoma hapa mwenyewe. Kalichukue shati kwa fundi wewe mwenyewe, umwombe radhi kwa kumtolea macho.

Jumamosi nenda mapema, uoge, unyoe. Ukumbini usimwite Sidi kwa jina lake, na usimuulize mtu yeyote jina la kuzaliwa, wale watu wana masharti yao na wanayashika. Wakikuita, simama. Usisalimu kwa kichwa kama mlango umekugonga. Maneno matatu aliyokuomba redioni kila mtu ameyasikia isipokuwa wewe, basi mpe kumi, na mengine mkifika nyumbani.

Nawe Sidi, najua gazeti hili linafika Kibokoni. Mwanamke kununua kadi na kuandikia redio ili azungumze na mume anayelala naye kitanda kimoja, mwaka mzima, si jambo dogo, na mimi sikulichekea hilo. Mpe nafasi hiyo Jumamosi. Akisimama mbele ya watu akakaa bila kusema, usingoje akufukuze. Fungasha mwenyewe, nami sitakulaumu.